Mahali Ni Padogo

Nyandwi hakuwa na ndevu. Alikuwa na unywele mmoja kidevuni, akiunyoa kila Jumamosi kwa matumaini kwamba utakwenda kuwaita wenzake. Hakuwa na simu. Hakuwa na baiskeli. Hakuwa na shati ambalo halikuanza maisha yake mgongoni mwa kaka yake mmojawapo, kwa sababu alikuwa mtoto wa saba, kama jina lake linavyomtangazia kila Mhangaza, na kabla nguo haijamfikia ilikuwa imekwisha kusahau rangi yake. Hakuwa na sauti ya kutegemewa. Iliweza kuanza sentensi ikiwa ya mwanamume na kuimaliza ikiwa ya mbuzi. Na hakuwa na mrija.

Hili la mrija ndilo lililomkera kuliko yote. Pale Bukiriro, wilayani Ngara, chungu cha pombe ya ndizi kikiwekwa katikati, mzee hapewi kikombe kama mgonjwa anayemeza dawa. Ana mrija wake mrefu wa kufyonzea, anaouchomeka darini kama wengine wanavyoficha hati ya shamba, na hamwazimi mtu. Kijana wa kidato cha tatu anaruhusiwa kukiosha chungu, kukibeba, kukiweka mahali pake, kisha kurudi nyuma na kukitazama.

Kitu cha mwisho alichokikosa hakukijua mtu pale nyumbani ila yeye mwenyewe: hakuwa na ulimi mbele ya watu. Darasani aliandika insha mpaka mwalimu akazisoma kwa sauti. Lakini akisimamishwa mwenyewe aisome, magoti yaliongea na mdomo ukanyamaza.

Kwa hiyo shangazi yake Ildefonsa alipotangaza kwamba Nyandwi ndiye atakayewakaribisha wakwe kutoka Biharamulo siku ya kuleta mahari, kijana aliona giza.

"Shangazi, kaka zangu wapo."

"Kaka zako Kiswahiri chao ni cha kuuzia parachichi," alisema Ildefonsa. Hakuna arusi iliyowahi kupita katika ukoo ule bila yeye kuikagua kama afisa wa mpakani. "Wakwe ni Wasukuma. Kihangaza hawakijui, Kisukuma hatukijui. Tutakutana kwenye Kiswahiri, na Kiswahiri cha nyumba hii unacho wewe."

Hilo lilikuwa kweli. Katika nyumba ya baba yake, mzee Pancras, kama katika nyumba nyingi za huko, herufi ya "l" ilikuwa mgeni ambaye hakuwahi kukaribishwa ndani. Walikula "wari", wakaenda "kurara". Ukimtoa bibi arusi mwenyewe, Nyandwi peke yake ndiye aliyekwisha kuzitenganisha zile herufi mbili. Alifanya mazoezi akichunga mbuzi, akisema "lala, rara, lala, rara", mpaka mbuzi wakamzoea.

Ildefonsa alimtungia maneno ya kusema, na maneno yenyewe yalikuwa mazuri, kwa maana ua wa Pancras ulikuwa mdogo na migomba ilikuwa imeusogelea kila upande: "Wageni wetu, karibuni sana. Mahali ni padogo, hata sisi tunaona haya, lakini mioyo yetu ni mikubwa." Basi. Akishasema hayo akae.

Aliyekuwa akiolewa ni dada yake Domisiana, fundi cherehani wa Kabanga. Mchumba wake, Maduhu, alikuwa dereva wa lori la mazao. Suruali yake ilichanika siku moja akipakia maharage, akaipeleka kwa Domisiana ikashonwa. Na tangu hapo, kwa miujiza isiyoelezeka, ikawa inachanika kila wiki. Domisiana alikuwa na umri ambao majirani walikuwa wamekwisha anza kuuzungumzia kwa sauti ya chini, hasa jirani Marsiana, aliyekuwa amemwoza binti yake mwaka uliopita kwa kundi la ng'ombe lililoziba njia. Lakini Domisiana hakuwa akiolewa kwa ajili ya Marsiana. Alimpenda yule mtu wa suruali. Alikuwa akiimba huku akikanyaga cherehani, na Nyandwi, ambaye dada huyo ndiye aliyemlipia sare na kumpunguzia mashati ya kaka zake, alitaka jambo lile limfanikie kuliko alivyotaka ndevu.

Siku yenyewe ilipofika alibeba viti na turubai vya kukodi tangu alfajiri, bila kutia kitu tumboni. Saa nne binamu yake Projestus alimkuta nyuma ya jiko, akitetemeka na kuihutubia migomba.

Projestus alikuwa amemzidi mwaka mmoja tu, ila alikuwa ameacha shule na kubeba mizigo Kabanga mpakani, na mtu akishabadilisha faranga za Burundi mara mbili tatu hujiona amezunguka dunia.

"Unaumwa?"

"Ninaogopa."

"Basi dawa ninayo." Akatoa mfukoni kichupa cha plastiki cha pombe kali, kile ambacho vijana bado wanakiita kiroba ingawa viroba vyenyewe vilikwisha pigwa marufuku. "Hii inafungua urimi. Unafikiri ware madarari wa Kabanga wanaongea vire kwa akiri zao?"

"Mimi sijawahi."

"Ndiyo maana huna ndevu."

Nyandwi alijua kwamba huo si ushahidi wa kisayansi. Lakini ulimkuta pabaya. Projestus akamimina kichupa ndani ya kibuyu cha pombe ya ndizi alichokwisha kukichota kwenye chungu cha akiba, akatikisa, akaeleza kwamba siri ni kuchanganya, na siri ya pili ni kunywa haraka bila kupumua, na siri ya tatu ni kutokula, maana chakula kinaipunguza nguvu. Kwa mambo hayo matatu, kama kungekuwa na mtihani wa namna ya kujiua polepole, Projestus angepata daraja la kwanza.

"Kwa nini tunywe kama watoto?" akasema tena. "Mrija wa babu bado uko darini?"

Ulikuwepo. Marehemu babu alikuwa ameuacha mweusi kwa moshi na umri. Nyandwi aliuchomoa, akafuta utando wa buibui, akautumbukiza kwenye kibuyu na kufyonza. Kwanza alisikia moto. Kisha alisikia kwamba yeye ni mtu mkubwa. Kisha alifyonza tena ili asiache kuwa mtu mkubwa.

Mpaka lori la Maduhu linasimama barabarani, Projestus alikuwa hajulikani alipo, na Nyandwi alikuwa haogopi kitu chochote duniani.

Wazee wa Biharamulo waliingia kwanza, wakiongozwa na mzee Bulugu, baba yake Maduhu, mtu mrefu mwenye koti na miwani iliyofungwa kamba. Wakakalishwa kukizunguka chungu, wakapewa mirija mipya, wakaanza kufyonza na kusifu. Ng'ombe walibaki juu ya lori wakisubiri salamu zimalizike. Mambo yalikwenda vizuri mpaka lilipotokea gari la pili, ambalo hakuna aliyelitarajia, likamwaga akina mama na vijana wakiimba. Viti vikaisha. Wageni wakasimama uani, wakigandamizana na migomba.

"Nyandwi!" Ildefonsa alinong'ona kwa nguvu. "Sema sasa!"

Kilikuwa kimebaki kiti kimoja tu, alichokuwa amekishika mwenyewe. Badala ya kumpa mama mmoja wa Biharamulo akikalie, Nyandwi alikipanda.

"Wageni wetu!" alisema, na sauti yake, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, ikatoka nzito na ya moja kwa moja. Aliipenda sana. "Karibuni sana! Mahari ni ndogo!"

Watu wakanyamaza. Nyandwi akachukua ule ukimya kuwa heshima.

Ulimi wake uliokuwa umefunguliwa ulikuwa umerudi kwao. Zile herufi mbili alizozitenganisha kwa taabu mbele ya mbuzi zilikuwa zimekumbatiana tena, na "padogo" aliiona ndefu mno kwa mtu mwenye haraka.

"Mahari ni ndogo sana! Hata sisi tunaona haya!"

Mzee Bulugu aliacha kufyonza.

"Kwa jirani yetu Marsiana ni kubwa, mara mbili ya hii!" Akaonyesha kwa mkono ua wa Marsiana, huku Marsiana mwenyewe akiwa amekaa pale pale mstari wa mbele. "Tungejua mapema tungekwenda kuomba kwake! Lakini ndugu zangu, msijali. Mtabanana hivyo hivyo!"

Akapiga makofi peke yake, akasahau yuko juu ya kiti, akashuka kwa kutumia uso.

Mzee Bulugu alisimama taratibu. Aliuchomoa mrija wake kwenye chungu, akaukung'uta matone, akaulaza juu ya mkeka. Wahangaza wote wakabana pumzi kwa pamoja. Mtu akichomoa mrija kabla chungu hakijaisha, amechomoa na maneno yake.

"Mzee Panklasi," alisema, kwa maana nyumbani kwake ni "r" ndiyo isiyokaribishwa. "Mahali tulikubaliana. Kama ulitaka kuongeza, ungemtuma mshenga. Umemtuma mtoto atutukane mbele ya wake zetu. Asante kwa pombe. Ng'ombe bado wako kwenye loli. Wanageuza."

Na wakageuza. Ng'ombe wale walirudi Biharamulo bila kuonja hata jani moja la Ngara. Maduhu alishika usukani akitazama nyuma mpaka karibu aingie mtaroni.

Katika vurumai ile hakuna aliyemkumbuka Nyandwi, ila Domisiana. Akiwa bado na vitenge vyake vya sikukuu, alimfuata kwenye migomba alikokuwa amejiburuta, akamkuta chali, macho yamegeuka, matapishi yanamrudia kooni na pumzi inakoroma kama maji yaliyokwama bombani. Alimgeuza ubavu, akamsafisha mdomo kwa pindo la kitenge kipya, akakaa pale chini akimshika hivyo mpaka pumzi yake ikanyooka. Alimnusa mara moja.

Projestus alipatikana jioni ndani ya shimo la kuivishia ndizi, amefunikwa majani, akiwa na kandambili moja na bila maelezo yoyote.

Kesho yake nyumba ilikaa kama ya msiba. Kwa kuwa siku ile kila mtu alinuka pombe, hakuna mwingine aliyejua kwamba Nyandwi naye alinuka. Mama yake, Melania, aliamua kwamba ni malaria iliyompanda kichwani. Ildefonsa alisema ni kijicho cha Marsiana. Nyandwi, kichwa kikimpasuka, alikubaliana na wote wawili.

Ila jambo moja lilieleweka, na Domisiana ndiye aliyeling'amua: Nyandwi alikuwa akimaanisha nafasi ya viti. Pancras akaruka kwa furaha, akampigia simu mzee Bulugu na kuweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Mzee mwenzangu! Ni kosa dogo! Kijana hakutaka kusema mahari. Aritaka kusema mahari!"

Mzee Bulugu akarudia: "Hakutaka kusema mahali, alitaka kusema mahali?"

"Ndiyo! Siyo mahari ya ng'ombe. Mahari ya kukaa!"

"Panklasi, mahali ya ng'ombe ndiyo tuliyoleta."

"Siyo hiyo! Hiyo nyingine!"

"Kuna nyingine?" Mzee Bulugu alianza kupandisha. "Kumbe mlitaka mahali mbili?"

Ildefonsa akainyakua simu. "Mzee, shikamoo! Sikiriza vizuri. Ma-ha-ri! Pare unapoweka makario!"

"Malahaba. Mimi na makalio yangu hatuji huko kutukanwa tena. Nilimsikia kijana kwa masikio haya. Alisema kwa 'le'! 'Le' kabisa, 'le' ya Lulenge!"

"Ndiyo! 'Re'!" walipiga kelele wote wa Bukiriro kwa pamoja. "Na sisi ndivyo tunavyosema, 're'!"

Simu ikakatwa.

Siku chache zikapita bila neno. Domisiana alirudi Kabanga kwenye cherehani yake, lakini hakuimba. Halafu Maduhu akampigia: baba yake amezima simu na hataki kusikia sauti ya mtu yeyote kutoka Ngara. Ila amesema neno moja. Masikio yanadanganya, macho hayadanganyi. Aliyesema na aandike, kwa mkono wake, alitaka kusema herufi gani na kwa nini hakuisema. Asipoona barua mpaka gulio lijalo, ng'ombe wanauzwa na habari zimekwisha.

Domisiana alikuja nyumbani na karatasi, kalamu na bahasha, akaviweka mbele ya Nyandwi.

Nyandwi aliandika haraka. Domisiana akasoma.

"Malaria," alisema.

"Ndiyo."

"Ile malaria ya Projestus?"

Nyandwi akatazama mezani.

"Mdogo wangu, mzee Bulugu amelea watoto na wajukuu. Mgonjwa wa malaria hapandi juu ya kiti kuhutubia. Na mtu mwenye akili zake hakosei neno uliloliimba mwezi mzima. Ukimpa malaria, atajua umemdanganya, na atasema, kama hili ni la uongo, basi na lile la viti ni la uongo." Akaisukuma karatasi pembeni. "Unajua ulikuwa unapaliwa? Ningechelewa kufika, ile turubai tungeiacha pale pale kwa ajili ya matanga yako. Mimi sikulia ng'ombe walipoondoka. Nililia pale kwenye migomba."

Nyandwi hakuwahi kusikia hilo. Alikuwa akifikiri siku zote hizo kwamba alichoharibu ni arusi.

"Baba atasoma," alisema kwa sauti ya mbuzi.

"Atasoma. Barua kwenda kwa mzee mwenzake haiwezi kutoka bila yeye kuiona."

"Atajua nilichukua mrija wa babu."

"Andika tu."

Akachukua karatasi nyingine, akaandika:

"Mzee Bulugu, shikamoo. Mimi ndiye niliyesimama juu ya kiti. Nilikuwa nimelewa. Nilichanganya pombe ya ndizi na pombe kali, tena sikuwa nimekula, kwa sababu nilikuogopa na niliambiwa pombe inafungua ulimi. Ni kweli iliufungua, ukaondoka bila mimi. Nilitumwa kusema mahali ni padogo, mahali kwa 'l' ya Lusahunga. Ikatoka mahari kwa 'r' ya Rulenge. Viti vilikuwa vimekwisha, hilo uliliona mwenyewe, na cha mwisho nilikuwa nimekikanyaga mimi. Kwa Marsiana ua ni mkubwa. Sikusema habari za ng'ombe wake. Baba hakunituma na hakujua kwamba nimelewa, atajua leo akisoma hapa. Tafadhari usimwadhibu dada yangu kwa ulimi wangu. Yeye ndiye aliyenigeuza ubavu nisife. Ni mimi, Nyandwi Pancras."

Mzee Pancras alivaa miwani na kusoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipofika mahali fulani kidole kilisimama muda mrefu. Melania akaacha kupepeta. Nyandwi akajiandaa kupokea kofi, na kwa kuwa alijua ni haki yake, alitoa shavu karibu kidogo.

"Mrija wa baba yangu uko wapi?" aliuliza Pancras.

Nyandwi aliuleta kutoka uvunguni. Mzee aliufuta kwa shati lake, akasimama juu ya kigoda, akauchomeka darini mbali zaidi ya ulipokuwa, nyuma ya jembe bovu. Alikaa tena, akamtazama mwanawe.

"Niridhani huniogopi mimi wara mtu mwingine," alisema. "Kumbe unaogopa watu. Mimi nami naogopa watu. Ungeniambia, tungesimama wawiri." Akakohoa. "Huu mrija utaushusha siku utakayoweza kusema mbere za watu, ukiwa huna hata tone, mahari na mahari."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Melania alijifanya ameingiwa na pumba jichoni.

"Ndiyo, baba," alisema Nyandwi. "Mahali na mahari."

"Ndiyo nirivyosema. Ifungeni barua."

"Ngoja kwanza," alisema Domisiana, ambaye alikuwa akiipitia mara ya mwisho kama anavyokagua mshono. "Hii nini? 'Tafadhari'?"

Nyandwi akaitazama. Akaitazama tena. Alikuwa mkavu kabisa, hajagusa hata togwa.

"Kosa riko wapi?" aliuliza Pancras. "Tafadhari ni tafadhari."

"Baba, mtu anaandika barua nzima kuapa kwamba anazijua herufi mbili!"

Nyandwi hakukata neno lile kwa mstari. Alichukua karatasi ya tatu na kuandika upya yote, tangu shikamoo, polepole, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, na kila alipofika kwenye "l" aliipandisha ndefu kama mlingoti wa bendera ili mzee wa Biharamulo aione hata bila miwani. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Melania akaleta tonge la ugali wa muhogo, Nyandwi akapaka, akafunga, akakandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika.

Asubuhi yeye na Domisiana walikuwa Kabanga, kwenye basi la Biharamulo. Konda, kijana wa pale pale Kabanga, aliipokea barua na kuipima mkononi.

"Ndani kuna nini?"

"Herufi moja," alisema Domisiana. "Maduhu atakungoja stendi. Mpe mkononi."

Konda akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo, akarukia mlangoni. Basi lilikuwa bado halijajaa. Akatoa kichwa nje na kuwapigia kelele abiria waliokuwa wakisitasita kando ya barabara:

"Biharamuro! Biharamuro! Mahari bado ipo! Mahari ipo, jamani, twendeni!"

Domisiana alicheka mpaka akashika bega la mdogo wake. Basi likapiga honi na kuondoka na barua.